Nimekomboa GB 12 kwenye diski C, siku 9 baadaye zimemezwa tena: zinakwenda wapi?

#1 Mzigo Mwepesi
Salaam wakuu. Nina kompyuta mpakato yenye diski ya GB 128, ambayo Windows 11 inaionyesha kuwa ni GB 119, na RAM ya GB 16. Nafasi tupu iliposhuka hadi GB 3.1 na sasisho likagoma kuingia, nilifungua programu ya kusafisha diski, nikaingia sehemu ya faili za mfumo, nikafuta mabaki ya masasisho na faili za muda, nikazima hali ya usingizi mzito ili ile hiberfil.sys (faili inayotunza yaliyomo kwenye RAM wakati wa usingizi huo) iondoke, kisha nikafuta pointi zote za kurejesha mfumo. Nafasi ikapanda hadi GB 15.4.

Leo ni siku ya 9. Sijaweka programu mpya, sijaingiza picha wala video, na nafasi tupu ni GB 4.0. Nimechungulia ndani ya folda ya Windows nikakuta WinSxS inasoma GB 11.2, na ile folda iliyofichwa ya Installer inasoma GB 6. Maswali yangu ni mawili: je, ninaweza kuzifuta hizo mbili bila madhara, na je, ni nini kinachokula nafasi niliyoikomboa?

#2 FundiWaUsiku
Mkuu, usiziguse kwa mkono. Nianze na WinSxS, kwa sababu hiyo GB 11.2 unayoiona imevimbishwa. Faili nyingi za humo zina majina mawili au zaidi katika diski, jina moja likiwa ndani ya WinSxS na jingine ndani ya System32, ilhali data yenyewe imeandikwa mara moja tu. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fsutil hardlink list C:\Windows\System32\notepad.exe, nawe utaona njia zaidi ya moja zikitajwa kwa faili ile ile. Kidirisha cha sifa za folda huhesabu kila jina kana kwamba ni faili inayojitegemea.

Hesabu ya kuaminika hutolewa na amri Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore. Iendeshe, kisha utuletee majibu.

#3 Jembe Butu
Mimi nina maoni tofauti na FundiWaUsiku. Mwaka uliopita nilimnyang'anya TrustedInstaller (akaunti ya Windows inayolinda faili za mfumo) umiliki wa folda ya WinSxS, nikafuta matoleo yote yaliyoonekana ya zamani, nikapata GB 4, na hadi leo kompyuta inawaka na kufanya kazi kama kawaida. Watu wanaogopa folda hii kuliko inavyostahili.

#4 Bi Kibodi
Jembe Butu, tangu siku hiyo umeingiza masasisho mangapi?

#5 Jembe Butu
Masasisho niliyazima.

#6 Bi Kibodi
Nilidhani hivyo. Umeegesha gari, halafu unatusifia kwamba halijawahi kupata ajali. WinSxS ndiyo ghala ambamo mfumo huchukua vipande vya kujengea kila sasisho linalofuata, na ndimo amri ya sfc /scannow inamochota nakala nzima pale faili ya System32 inapoharibika. Ukiondoa kipande kimoja, hakuna kitakacholalamika siku hiyo. Kilio huja siku sasisho linapofika asilimia fulani, linashindwa, linajirudisha nyuma, na wewe hukumbuki tena ulichofuta.

#7 Tarakimu
Kwa upande wa folda ya Installer ninaweza kutoa ushahidi wangu mwenyewe, ingawa hauniletei sifa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuta humo faili za msi na msp zenye majina ya ajabu ya tarakimu na herufi, majina ambayo hayakuhusiana na programu yoyote niliyoijua, nikaamini kuwa ni takataka na nikafuta zote. Nilipata zaidi ya GB 8 na nikajipongeza. Miezi mitatu ilipita kwa amani. Kisha programu yangu ya nyaraka ilipohitaji kusasishwa ikafungua kisanduku kidogo ikiniomba nionyeshe ilipo faili moja ya msi, nilipobofya kuendelea ikaniomba tena, na nilipojaribu kuiondoa programu ili niiweke upya, ikaniomba faili hiyo hiyo. Ilikuwa haiwezi kusasishwa, haiwezi kurekebishwa na haiwezi kuondolewa.

Faili zile ndizo maelekezo ya kila programu iliyowekwa kwa mfumo wa Windows Installer, na majina yake ni ya kubahatisha kwa sababu mfumo huzitambua kupitia rejista. Kweli, zipo zinazobaki bila mwenyewe baada ya programu kuondoka, na zipo programu zinazodai kuzitambua, lakini mimi sasa nikitumia mojawapo huzihamishia kwanza kwenye diski ya nje na kuzikalisha huko miezi kadhaa.

#8 Mzigo Mwepesi
Nashukuru. Installer nimeiacha kama ilivyo. Majibu ya ile amri ya #2 ni haya: ukubwa unaoonyeshwa na kidirisha ni GB 11.2, ukubwa halisi ni GB 10.4, katika hizo zinazotumiwa kwa pamoja na Windows ni GB 6.1, nakala za akiba na vipengele vilivyozimwa ni GB 3.9, na data ya muda ni GB 0.4. Vifurushi vinavyoweza kuondolewa ni 2, na mwishoni imeandika kwamba usafishaji unapendekezwa.

#9 FundiWaUsiku
Vizuri. Maana yake ni kwamba GB 6.1 ni Windows yenyewe, wala huwezi kuzidai. Kinachoweza kujadiliwa ni zile GB 4.3 zilizobaki, tena si zote. Endesha Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup na uwe na subira, kwa sababu asilimia hukwama mahali pamoja kwa dakika nyingi na watu wengi huifunga wakidhani imekufa. Mfumo hufanya kazi hii wenyewe kwa ratiba, ila ratiba husubiri angalau siku 30 tangu toleo jipya la kipande liingie kabla ya kufuta la zamani. Ukiiendesha kwa amri hii, subira hiyo haipo.

Utakutana na watu watakaokushauri uongeze /ResetBase mwishoni. Inakomboa zaidi, lakini baada yake hutaweza kuondoa sasisho lolote lililokwisha kuingia. Kama sasisho la juzi linakuletea shida ya sauti au printa, umeshajifungia mlango.

#10 Pweza
Wakuu, mmejibu swali la kwanza kwa ufasaha na la pili mmeliruka. Mleta mada amepoteza GB 11.4 ndani ya siku 9. WinSxS haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa sehemu yake yote inayojadiliwa haifiki hata nusu ya hasara hiyo. Mimi ninashuku pointi za kurejesha mfumo. Alizifuta, lakini hakuzima ulinzi wa mfumo, na sasisho lilipoingia pointi mpya ikaundwa. Tangu hapo kila faili anayoifuta haifutiki kweli, bali inahamia kwenye System Volume Information, folda ambayo yeye hana ruhusa ya kuifungua. Aendeshe vssadmin list shadowstorage, amri inayoonyesha nafasi iliyoliwa na pointi hizo.

#11 Tarakimu
Pweza, mwelekeo wako ni sahihi ila maelezo yana kasoro moja. Kufuta faili peke yake hakuhamishi kitu. Pointi inapoundwa, mfumo huanza kulinda vipande vya diski vilivyokuwa na data wakati huo, na nakala ya kipande cha zamani huchukuliwa pale tu data mpya inapotaka kuandikwa juu yake. Kwa hiyo mtu anayefuta faili kubwa hatoi mzigo wowote kwa System Volume Information siku hiyo, ila mzigo unakuja taratibu kadiri nafasi ile inavyotumiwa upya. Hili linaelezea vizuri zaidi kwa nini nafasi hupungua kidogo kidogo kwa siku kadhaa badala ya kushuka mara moja.

#12 Pweza
Nimekubali marekebisho. Mshukiwa ni yule yule.

#13 Kumbikumbi
Mimi mshukiwa wangu ni pagefile.sys, faili ambayo Windows huitumia diskini kama nyongeza ya RAM. Ukubwa wake ukiachwa usimamiwe na mfumo, faili hii hutanuka kulingana na mahitaji, na inaweza kufika mara 3 ya RAM ingawa haivuki sehemu moja ya nane ya ukubwa wa diski. Kwa diski inayosoma GB 119 hiyo ni takribani GB 15. Mtu anayefungua kivinjari chenye vichupo 60 kwa siku 9 bila kuwasha upya anaweza kuikuta imetanuka vya kutosha. Naomba kujua: mleta mada, huwa unawasha upya au unafunga tu kifuniko?

#14 Mzigo Mwepesi
Ninafunga kifuniko. Vichupo sivihesabu kwa sababu za kiafya.

#15 Ngwini Mkongwe
Huku kwetu Linux jambo hili lina namna yake. Niliwahi kukuta amri ya df inasema diski imejaa asilimia 100, na du ikijumlisha folda zote inapata nusu tu. Sababu ilikuwa faili ya logi niliyoifuta huku programu iliyokuwa ikiiandika ikiwa bado imeishikilia. Jina lilikuwa limeondoka, data ilikuwa bado ipo, na niliipata kwa lsof. Nilipoiwasha upya programu hiyo, nafasi ikarudi papo hapo.

#16 Jembe Butu
Nilikuwa ninasubiri ni lini mtu wa Linux atabisha hodi.

#17 Bi Kibodi
Mwacheni, hoja yake ya kulinganisha jumla ya folda na nafasi iliyotumika ina maana hata huku. Mzigo Mwepesi, tumia WizTree au WinDirStat, programu zinazoonyesha ukubwa wa kila folda, lakini uifungue kama msimamizi. Ukiifungua kawaida, kuna folda ambazo haitaruhusiwa kuzisoma, jumla itakuwa pungufu, nawe utadhani umegundua jini.

#18 Mwenye Saa
Kabla hamjamaliza, atazame pia C:\Windows\Logs\CBS (logi za uwekaji wa masasisho) na C:\Windows\Temp. Nilikuwa na kompyuta ya Windows 7 iliyokuwa ikijaa kila wiki kama ndoo chini ya bomba. Ndani ya Temp kulikuwa na mamia ya faili zilizoanza na cab_, kila moja ikiwa na makumi ya megabaiti. Kisa chake ni kwamba logi ya CBS ilikuwa imevuka GB 2, programu ya kuibana haiwezi kubana faili inayozidi ukubwa huo, ikawa inaanza kazi, inashindwa, inaacha kipande chake, kisha inaanza tena. Ningeweza kufuta vile vipande milele. Dawa ilikuwa kusimamisha huduma ya Windows Modules Installer, kuifuta logi kubwa yenyewe, kisha kufuta vipande.

#19 Chipukizi
Samahani kwa kuingilia. Je, folda ya Prefetch nayo inafaa kufutwa? Na kwa nini diski ya GB 128 inasoma 119?

#20 FundiWaUsiku
Prefetch ina faili ndogo ndogo zinazouambia mfumo ni vipande gani vya programu uvisome mapema, na idadi yake ina ukomo, hivyo haiwezi kukujazia diski. Ukiifuta, programu zitafunguka polepole mara ya kwanza na folda itajijaza tena. Kuhusu 119, mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huigawa kwa 1,073,741,824. Hakuna aliyeibiwa.

#21 Kigoda
Kwa Chipukizi na wengine: msiweke alama kwenye kila kisanduku cha programu ya kusafisha diski. Katika toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, folda ya Downloads iliingizwa kwenye orodha ile, na ikaondolewa tu kwenye toleo la 2020. Mimi ni mmoja wa waliobofya vyote bila kusoma. Nilikuwa nimeihifadhi humo tasnifu yangu nusu nzima, kwa uvivu wa kuihamisha. Hata sasa, Storage Sense (huduma ya Windows ya kusafisha diski yenyewe) inao mpangilio wa kufuta vilivyomo Downloads kama havijafunguliwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo hakikisheni mmeutazama.

#22 Mzigo Mwepesi
Nimerudi na hesabu. StartComponentCleanup imenipa GB 1.9, na nafasi tupu imekuwa GB 5.9. WizTree nikiwa msimamizi inaonyesha pagefile.sys ni GB 7.6. Amri ya vssadmin inasema nafasi iliyotumika ni GB 2.2. Folda ya SoftwareDistribution\Download, ambamo Windows hupakulia masasisho, ina GB 1.7. Logi za CBS ni megabaiti 300 tu, na hakuna faili yoyote ya cab_. Pagefile.sys, vssadmin na SoftwareDistribution zinajumlika kuwa GB 11.5, nami nilipoteza 11.4.

#23 Kumbikumbi
Basi kesi imekwisha. Nashukuru kwa ushirikiano wenu.

#24 Tarakimu
Haijaisha hata kidogo. Kumbikumbi, umehesabu pagefile.sys nzima kana kwamba siku ya kwanza haikuwapo. Ilikuwapo. Kama siku ile ilikuwa na GB 5, basi imekula GB 2.6 tu katika hasara hii, na jumla yako inabaki GB 6.5. Kulingana kwa 11.5 na 11.4 ni bahati nasibu mpaka mtu atuonyeshe ukubwa wa siku ya kwanza, na mleta mada hakuuandika.

#25 Mzigo Mwepesi
Ni kweli sikuuandika. Niliandika nafasi tupu peke yake, tena kwenye karatasi ya dawa.

#26 Mwenye Saa
Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, kompyuta zinazokuja na mfumo mpya hutengewa akiba ya takribani GB 7 kwa ajili ya masasisho na faili za muda. Akiba hiyo huhesabiwa kama nafasi iliyotumika hata ikiwa tupu. Inawezekana ilikuwa imeliwa na sasisho lililogoma, na baada ya usafishaji mfumo ukaanza kuijaza tena polepole. Hilo lingeelezea pengo la Tarakimu bila kuhitaji faili yoyote.

#27 Bi Kibodi
Maelezo hayo yananivutia, lakini akiba ikiwa imepungua, mfumo huirudishia pale nafasi inapopatikana, na yeye alikuwa na GB 15.4 tupu siku ile ile. Sioni kwa nini isubiri siku 9. Mimi ningeangalia draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, kabla ya akiba. Draiva za kadi ya michoro zikisasishwa, matoleo ya zamani hubaki ndani ya DriverStore\FileRepository, na moja linaweza kuzidi GB 1. Amri ya pnputil /enum-drivers itakuorodheshea zote pamoja na tarehe. Ukikuta toleo la zamani, liondoe kwa pnputil /delete-driver ukitaja jina lake la oem, usilifute kwa mkono, wala usiongeze /force, kwa sababu pasipo neno hilo amri itakataa yenyewe kuondoa draiva inayotumika.

#28 Mzigo Mwepesi
Draiva ya michoro ina matoleo mawili, na la karibuni ni la mwezi huu. La zamani nimeliondoa, nimepata GB 1.1, na sasa nafasi tupu ni GB 7.0.

#29 Jembe Butu
Ninaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mimi nilipata GB 4 kwa dakika 10, nanyi mpo ukurasa wa pili mkiwa na 3.

#30 Bi Kibodi
Imeandikwa. Siku utakapowasha masasisho, utufungulie uzi.

#31 Pweza
Pendekezo langu ni kwamba mleta mada asifute kitu chochote kwa siku tatu. Kila asubuhi aandike namba nne: nafasi tupu, pagefile.sys, jibu la vssadmin, na SoftwareDistribution. Tunabishana juu ya hasara ambayo hakuna aliyeipima ilipokuwa ikitokea.

#32 Mzigo Mwepesi
Siku tatu zimepita, wakuu. Nafasi tupu: siku ya kwanza GB 6.8, siku ya pili GB 5.9, siku ya tatu GB 8.3. Sijafuta kitu na sijawasha upya. Siku ya pili pagefile.sys ilipanda kutoka 7.6 hadi 8.3. Siku ya tatu ilibaki 8.3 ile ile, SoftwareDistribution ikawa imeshuka kutoka 1.7 hadi 0.2, na vssadmin haikubadilika. Usiku wa kuamkia siku hiyo kompyuta niliiacha wazi, ikiwa kwenye chaji.

#33 FundiWaUsiku
Basi matengenezo ya usiku yamefanya kazi. Kwa kawaida hupangwa saa nane usiku na huhitaji kompyuta iwe imetulia na ina umeme, jambo ambalo mtu wa kufunga kifuniko haliruhusu litokee. Siku zote hizi hayakuwa yakipata nafasi.

#34 Tarakimu
SoftwareDistribution imerudisha GB 1.5, lakini nafasi imepanda kwa GB 2.4. Hiyo 0.9 nyingine imetoka wapi? Mzigo Mwepesi, endesha tena ile amri ya #2 na usome tarehe ya usafishaji wa mwisho.

#35 Mzigo Mwepesi
Nimeiendesha. Tarehe ni ile ile niliyosafisha mimi mwenyewe, haijasogea.

#36 Kumbikumbi
Washa upya, kisha utuletee pagefile.sys.

#37 Pweza
Asiwashe upya kwanza. Akiwasha tutapoteza hiyo 0.9. Afungue WizTree kama msimamizi sasa hivi, ahifadhi orodha yote kwenye faili, ndipo awashe, na ahifadhi ya pili.

#38 Mzigo Mwepesi
Orodha ya kwanza imehifadhiwa, ina ukubwa wa megabaiti 61. Ninawasha upya.